Eleanor Ormerod: Mwanamke aliyewasaka wadudu wa matunda kwa barua

KILA mkulima wa matunda anaujua uchungu wa kuingia shambani asubuhi na kukuta vitumba vimeliwa na majani yamebaki mishipa mitupu, asijue adui aliingilia upande gani wala kesho atahamia mti upi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mwenye shamba usemi huo ni kweli tupu. Hata hivyo, kujua kwamba adui yumo nguoni hakutoshi. Ni sharti ijulikane amejificha kwenye pindo lipi, aliingia lini, na ni hali gani ya hewa iliyomnawirisha.

Zaidi ya karne moja iliyopita, nchini Uingereza, mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kusomea shule yoyote wala kulipwa mshahara kwa kazi yake alijitwika jukumu la kutafuta majibu hayo kwa niaba ya wakulima wa nchi nzima. Jina lake ni Eleanor Anne Ormerod.

Alipofariki mwaka wa 1901 aliacha urithi wa aina mbili. Wa kwanza ni desturi ya kuwauliza wakulima wenyewe walichokiona mashambani, kukiandika na kukilinganisha mwaka baada ya mwaka. Wa pili ni sumu kali ya kunyunyizia miti ya matunda. Urithi wa kwanza umedumu, na ndio nguzo ya bustani za kilimo hai hadi leo. Ule wa pili, ambao yeye mwenyewe aliuonea fahari kubwa, umetupwa nje ya bustani hizo na kufungiwa mlango.

Bi Ormerod alizaliwa Mei 11, 1828, katika makao ya Sedbury Park, jimbo la Gloucestershire, karibu na mahali mto Wye unapoingia katika mto Severn. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto kumi. Babake, George Ormerod, alikuwa mwanahistoria aliyesifika kwa kuandika historia ya jimbo la Cheshire, na alimiliki ardhi yenye mashamba na misitu. Kama ilivyokuwa ada ya matajiri wa enzi hizo, wavulana walipelekwa shuleni ilhali wasichana walifunzwa nyumbani na mama yao.

Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto mdogo aliachwa peke yake mbele ya gilasi iliyotiwa maji na wadudu wa majini. Mmoja wa wadudu hao alikuwa amejeruhiwa, na wenzake wakamvamia na kumla. Mtoto huyo alipoeleza alichokiona, wakubwa hawakumwamini. Kisa chenyewe ni kidogo, lakini kilionyesha mapema tabia iliyomtambulisha maisha yake yote: alikuwa mtu wa kutazama kwa makini na kusema alichokiona, asiyumbishwe na ukubwa wa anayempinga.

Mwaka wa 1852, akiwa na umri wa miaka 24, alianza kujifunza elimu ya wadudu kwa bidii. Alijipatia kitabu cha mbawakawa wa Uingereza, akawapasua wadudu hao mmoja mmoja na kuwachunguza chini ya hadubini, akilinganisha viungo vyao na maelezo ya kitabuni. Hakuwa na mwalimu. Chuo chake kilikuwa shamba la babake, na wasaidizi wake walikuwa vibarua waliolima, kupogoa miti na kuchunga mifugo. Hao ndio waliomletea wadudu waliowakuta katika shughuli zao za kila siku.

Fursa ya kwanza ya kujulikana ilimjia mwaka wa 1868, pale Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani kilipotangaza kwamba kinakusanya wadudu wanaomfaa mkulima na wale wanaomdhuru. Bi Ormerod aliwatuma vibarua wale wale wamtafutie, na mchango wake ukawa mkubwa kiasi kwamba mwaka wa 1870 alitunukiwa nishani ya fedha. Katika kazi hiyo alijifunza jambo ambalo wasomi wengi wa wakati wake hawakulizingatia, yaani kwamba mtu anayeinama shambani kila siku huona mengi ambayo mtaalamu aliye mjini hawezi kuyaona, ila tu hakuna anayemwuliza.

Babake alifariki mwaka wa 1873. Bi Ormerod alikuwa na umri wa miaka 45, na kwa mara ya kwanza alikuwa huru kupanga maisha yake mwenyewe. Yeye na dada yake Georgiana, ambaye pia hakuolewa, waliondoka Sedbury Park na hatimaye wakahamia Isleworth, kando ya London, si mbali na bustani mashuhuri ya mimea ya Kew. Wawili hao waliishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Eleanor aliandika na Georgiana akachora picha za wadudu zilizotumiwa katika mihadhara.

Katika majira ya machipuko ya mwaka wa 1877, Bi Ormerod alichapisha kijitabu chembamba cha kurasa chache na kukisambaza kwa wakulima, watunza bustani na wapenzi wa viumbe. Humo alieleza wadudu waharibifu wa kawaida, kisha akawaomba wasomaji wamwandikie. Alitaka wamweleze mdudu alionekana tarehe gani, katika zao lipi, uharibifu ulikuwa wa kiasi gani, mvua na baridi zilikuwaje, na ni dawa au mbinu gani iliyofua dafu.

Barua zilianza kumiminika. Zilitoka kwa matajiri wenye mashamba makubwa, kwa wasimamizi wao na kwa wakulima wadogo. Nyingi ziliandamana na vifurushi vya majani yaliyotafunwa, matunda yaliyotobolewa, na wakati mwingine wadudu wenyewe wakiwa hai. Kadiri miaka ilivyosonga idadi yake ilipita elfu moja kwa mwaka. Yeye alizijibu, akatambua wadudu waliotumwa, kisha akayakusanya majibu yote katika ripoti ya kila mwaka aliyoichapisha kwa gharama yake. Ripoti hizo zilitoka bila kukatika tangu 1877 hadi 1900, jumla yake 24.

Ni rahisi kuidharau kazi ya namna hiyo na kuiona kuwa ya ukarani. Lakini kabla yake, mkulima wa Kent aliyevamiwa na viwavi hakuwa na njia ya kujua iwapo mwenzake wa Worcestershire alivamiwa wiki iyo hiyo au aliponea. Ripoti za Bi Ormerod zilikuwa ramani iliyochorwa kwa maneno. Aliyezisoma kwa mfululizo angeweza kuona mdudu fulani akipungua upande mmoja wa nchi na kuzidi upande mwingine, na kutambua kwamba pigo la mwaka huu lilianza na mayai yaliyoachwa mitini mwaka uliotangulia.

Aidha, aling'amua mapema kwamba ramani ya wadudu haikamiliki bila ile ya hali ya hewa. Alipima mvua, joto na baridi nyumbani kwake, na mwaka wa 1878 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa kuwa mwanachama kamili wa chama cha wataalamu wa hali ya hewa nchini humo. Mwaka wa 1880 alichapisha muhtasari wa kumbukumbu za Cobham, jimbo la Surrey, ambamo mwanamke mwingine, Caroline Molesworth, alikuwa ameandika habari za hali ya hewa na za mimea na viumbe kwa takriban robo karne, tangu 1825 hadi 1850.

Kitabu chake kikubwa kuhusu wadudu waharibifu kilitoka mwaka wa 1881. Mwaka uliofuata Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza kilimteua kuwa mshauri wake wa masuala ya wadudu, wadhifa alioushikilia kwa miaka kumi bila mshahara. Ajali iliyompata katika stesheni ya treni ya Waterloo jijini London ilimwacha akichechemea, lakini haikumzuia kufanya kazi. Mwaka wa 1887 yeye na dada yake walihamia mji wa St Albans, na posta ya mji huo ikawa njia ya kupitishia viwavi wa nchi nzima.

Miongoni mwa maadui walioandikwa sana katika barua hizo ni nondo wa majira ya baridi. Mdudu huyu ana maisha ya ajabu. Jike lake halina mbawa za kurukia. Kuanzia Oktoba hivi hadi Desemba hutoka ardhini, hupanda shina la mtofaa, mpea au mplamu kwa miguu, na kutaga mayai karibu na vitumba. Machipuko yanapofika, viwavi huanguliwa wakati vitumba vinapofunguka na kuanza kula. Kufikia Juni hujishusha chini na kujizika udongoni, wakiwa wamemwachia mkulima mti uliovuliwa nguo.

Kwa kuwa jike ni lazima atembee, wakulima walikuwa wamebuni njia ya kumkatia barabara kwa kuzungushia shina utepe wa grisi, naye akikanyaga hapo hunasa. Bi Ormerod aliwahimiza watumie mbinu hiyo kwa wakati ufaao, na akawatahadharisha kwamba grisi ikipakwa moja kwa moja huweza kudhuru ganda la mti, hivyo ni heri ipakwe juu ya karatasi. Mbinu hiyo haihitaji sumu, na wakulima wa kilimo hai huko Ulaya wanaitumia hata sasa.

Lakini utepe una mipaka yake. Kiwavi mchanga hutoa uzi mwembamba, naye hupeperushwa na upepo kutoka mti hadi mti. Bustani inayopakana na msitu au ua wa miti isiyotunzwa huweza kuvamiwa kutoka nje hata kama kila shina limefungwa. Ndiyo maana uharibifu haulingani shambani, na ndiyo maana mkulima anayehesabu miti iliyoliwa safu kwa safu hugundua mambo ambayo jirani yake anayetazama kwa mbali hayajui.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 viwavi walizidi katika bustani za magharibi mwa Uingereza. Eneo la Evesham, linalojulikana kwa plamu, na mashamba makubwa ya Toddington huko Gloucestershire yaliathirika vibaya. Kwa mkulima mdogo aliyekopa fedha akitarajia mavuno, misimu miwili au mitatu mibaya ilitosha kumfilisi. Wakulima walimwendea Bi Ormerod wakitaka jambo la haraka kuliko utepe.

Jibu alilitoa ng'ambo. Alikuwa akiandikiana barua na wataalamu wa Marekani na Canada, akiwemo James Fletcher, aliyekuwa mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Canada. Huko wakulima walikuwa wakitumia unga wa kijani ulioitwa Paris Green, mchanganyiko wa shaba na aseniki uliowahi kutumika kama rangi ya kuta. Ulikorogwa katika maji mengi na kunyunyiziwa majani, na kiwavi aliyeyala alikufa.

Nchini Uingereza wengi waliogopa, na hofu yao haikuwa ya kipumbavu, kwani kila mtu alijua aseniki huua watu pia. Bi Ormerod alifanya kampeni kwa miaka kadhaa. Alishirikiana na wakulima wa Evesham na Toddington katika majaribio, akaeleza vipimo na tahadhari, na mwaka wa 1891 akatoa kijitabu maalumu kuhusu matumizi ya unga huo dhidi ya nondo wa bustani za matunda. Viwavi walikufa, miti ikapona, na waliokuwa na shaka wakanyamaza. Katika barua moja kwa rafiki yake alisema angefurahi akikumbukwa kaburini kama mtu aliyeiingiza Paris Green Uingereza.

Hapo ndipo maisha yake yanapompa taabu anayeyasimulia. Bi Ormerod hakuwa mtu wa pupa, na aliwaona wakulima wakilia akatafuta njia ya kuwasaidia kwa maarifa yaliyokuwapo. Lakini mlango alioufungua ulipitisha mengi. Nchini Marekani, katika jimbo la Massachusetts, mchanganyiko wa aseniki na risasi ulianza kutumika mwaka wa 1892, nao ukapendwa kwa sababu uling'ang'ania majani kwa muda mrefu zaidi. Ulitumika kwa miongo mingi, hadi DDT ilipouondoa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Udongo wa baadhi ya bustani kuukuu za matofaa za Marekani una risasi na aseniki hadi leo.

Isitoshe, wadudu wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka wa 1914 mtafiti A. L. Melander wa jimbo la Washington aliandika kuhusu wadudu wa matunda waliokuwa wameizoea dawa ya kunyunyiziwa, na baadaye nondo wa matofaa pia alianza kustahimili sumu ya aseniki. Wakulima waliongeza kipimo, mdudu akaongeza ukaidi.

Ubishi mwingine uliomkabili ulihusu ndege. Bi Ormerod aliamini kwamba shomoro ni mharibifu wa nafaka na adui wa ndege wengine walao wadudu, akawahimiza wakulima wawapunguze. Wapenzi wa ndege na baadhi ya makasisi walimshutumu vikali magazetini. Yeye aliwajibu kwa orodha za vyakula vilivyokutwa matumboni mwa shomoro waliopasuliwa. Hakurudi nyuma.

Mwaka wa 1892 alijiuzulu ushauri wa chama cha kilimo, lakini ripoti zake ziliendelea. Georgiana alifariki mwaka wa 1896, na pigo hilo lilimwacha mpweke. Hata hivyo, miaka miwili baadaye alitoa kitabu kilichojikita katika wadudu wa miti ya matunda na vichaka vya matunda, ambamo alikusanya mafunzo ya barua za miaka ishirini. Mnamo Aprili 1900, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sheria, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata chuoni humo. Alifariki St Albans mnamo Julai 19, 1901, akiwa na umri wa miaka 73, na akakiachia chuo hicho pauni 5,000. Mwaka wa 1904, Robert Wallace, profesa wa kilimo wa chuo hicho, alichapisha kumbukumbu na barua zake, na mwaka wa 1924 mwandishi Virginia Woolf alimtungia simulizi.

Tukiipima kazi hiyo leo, mizani imeelemea upande ambao pengine yeye hakuutarajia. Kanuni za kilimo hai za Marekani zimeitaja aseniki kwa jina miongoni mwa vitu vya asili visivyoruhusiwa kabisa. Kwa upande mwingine, mwenye bustani ya kilimo hai hana kitu anachokitegemea kuliko kumbukumbu za uharibifu. Hana dawa ya kuua kila kitu kwa siku moja, hivyo kosa lake la kutojua adui yuko wapi humgharimu zaidi kuliko jirani yake.

Mkulima huyo hutundika mitego yenye harufu inayofanana na ya nondo jike, akahesabu madume walionaswa kila wiki na kuandika idadi kwenye ramani ya shamba. Hukagua matunda ya kila upande na kuweka alama penye matundu. Mara nyingi ramani humwonyesha kwamba nondo wa matofaa amezidi pembezoni, karibu na miti iliyotelekezwa au mahali masanduku ya mbao ya matunda yanapopangwa. Hapo hujua pa kuanzia bila kulisumbua shamba zima.

Hapa Kenya somo hilo limetufikia kwa njia ya maembe. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa katika Pwani ya Kenya mwaka wa 2003, kisha akaenea hadi bara. Mwaka wa 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kuuza maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mdudu huyo, na biashara hiyo ikarejea mwaka wa 2021. Katika miaka hiyo, Makueni ikiwa mstari wa mbele, wakulima walihimizwa kutundika mitego, kuhesabu nzi, na kuokota matunda yaliyoanguka ili funza wasipate pa kukulia. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, kilichoasisiwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimekuwa kitovu cha utafiti wa mbinu hizo.

Mitego na simu vimechukua nafasi ya barua, lakini maswali ni yale yale ya kijitabu cha 1877: nzi alionekana lini, kwenye miti ipi, wangapi, na mvua ilikuwaje. Anayeyajibu bado ni mkulima mwenyewe, na majibu yake hayana faida yakibaki kichwani mwake. Jirani naye lazima ahesabu, kwa kuwa mdudu hatambui mpaka wa shamba, na anayenyamaza upande huu wa ua humlea adui wa mwenzake.

Bi Ormerod alitaka akumbukwe kwa unga wa kijani. Wakulima walio na deni kwake leo hawaujui unga huo na hawapaswi kuugusa. Deni lao ni kwa bibi aliyekaa St Albans akifungua vifurushi vya viwavi, akamjibu kila aliyemwandikia, na kwa miaka 24 akakataa kuamini kwamba jambo aliloliona mkulima mmoja katika shamba moja ni dogo mno kuandikwa.